Kuendesha blogu na kuisambaza mitandaoni ukiwa na simu moja na bando dogo

Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika kwa pamoja, dunia nzima, kwa karibu saa sita. Waliokuwa wakiuza, wakifundisha au wakitoa habari kupitia kurasa za huko tu walikaa na simu mkononi wakingoja. Mei 2025 X (zamani Twitter) nayo ikazuiwa Tanzania, na aliyekuwa ameweka kazi yake yote humo akabaki anawaandikia walio nje ya nchi na wenye VPN, programu ya kupita kizuizi.

Kwa hiyo tunaanzia kwenye blogu. Kazi nzima inakaa huko, na kila mtandao unapelekewa kipande chake. Blogu ni ghala na mitandao ni gulio. Hakuna mkulima anayelaza mavuno yake gulioni.

Nitatumia mfano mmoja mpaka mwisho: blogu ya kilimo ya Kiswahili inayoendeshwa na mtu mmoja, na ndani yake makala kuhusu kuhifadhi mahindi yasiliwe na dumuzi, mdudu wa ghalani. Kama wewe unaandika mapishi, mpira au mambo ya ardhi, badilisha mahindi tu. Hatua ni zilezile.

Hatua ya 1: Pata anwani iliyo yako

Blogger ni ya bure, iko chini ya Google tangu 2003, na unaweza kuiendesha kwa kivinjari cha simu ya kawaida. WordPress iko ya aina mbili na watu huzichanganya: kuna WordPress.com, ambako wao ndio wanakutunzia kila kitu, na kuna programu ya WordPress unayoichukua bure na kuiweka kwenye seva unayoilipia mwenyewe. Hii ya pili ina uhuru mwingi na kazi nyingi: kusasisha, kulinda, kulipa kila mwaka. Anayeanza peke yake, bila mapato, namshauri aanze na Blogger na asione haya.

Usichopaswa kubania ni domeini, yaani jina la anwani ya blogu unalolilipia mwenyewe. Ukiwa na .co.tz au .co.ke yako, hata ukihama Blogger kwenda WordPress baada ya miaka kadhaa, jina la mlangoni linabaki lilelile. Ukibaki na .blogspot.com, kila linki uliyowahi kuituma kwenye magrupu imefungwa huko. Domeini isajiliwe kwa jina lako na barua pepe yako. Fundi anayekutengenezea blogu akiisajili kwa jina lake, siku mkikosana au akibadilisha namba, umeshaipoteza. Andika pia tarehe ya kuilipia upya mahali utakapoiona.

Ukiwa Tanzania, kuna kanuni za maudhui ya mtandaoni. Zilipotoka mwaka 2018 zilimtaka mwenye blogu awe na leseni ya TCRA (Mamlaka ya Mawasiliano) na alipe ada, na wapo waliofunga blogu zao kwa sababu hiyo. Ziliandikwa upya 2020 na kurekebishwa 2022. Waulize TCRA wenyewe kama unachoandika kinahitaji leseni leo, hasa kama ni habari na matukio. Ushauri wa miaka ile ya mwanzo umeshapitwa.

Hatua ya 2: Fuata kalenda ya msomaji

Wengi hupanga kuandika "kila Jumatatu", wakadumu wiki chache, kisha kimya. Panga kwa msimu wa unayemwandikia. Nyanda za Juu Kusini mahindi huvunwa kuanzia Mei hivi hadi Julai, basi makala ya kuhifadhi iwe tayari Aprili. Ikitoka Septemba, dumuzi wameshakula. Trans Nzoia kule Kenya mavuno makubwa ni Oktoba hadi Desemba, kwa hiyo makala ileile utaitoa tena mitandaoni mwishoni mwa Septemba, na salamu nyingine, kwa watu wengine. Umeandika mara moja, umegawa misimu miwili.

Makala moja nzuri kwa wiki mbili inatosha kabisa kwa mtu mwenye kazi nyingine. Weka rasimu tatu za akiba kwa wiki za misiba, mitihani na umeme kukatika. Na makundi ya makala yasizidi matano. Blogu yenye makundi ishirini na makala thelathini inamchosha mgeni kabla hajasoma.

Hatua ya 3: Iandae makala kwa safari

Hapa ndipo kazi inapofanyika au kuharibika. Linki ikitumwa WhatsApp au Facebook, mtu haoni makala yako. Anaona kisanduku chenye picha, kichwa na mstari mmoja wa maelezo. Kwa kisanduku hicho ataamua kubonyeza au kupita.

Kichwa kiseme mtu atapata nini, kwa maneno anayoyatumia yeye mwenyewe. "Umuhimu wa teknolojia ya uhifadhi wa nafaka" ni kichwa cha semina. "Hifadhi mahindi bila dawa: namna ya kufunga mfuko wa PICS" ni kichwa cha mtu mwenye gunia sebuleni (PICS ni mfuko wa nafaka usiopitisha hewa). Usiweke vichwa vya "hutaamini kilichotokea". Vinaleta watu mara moja, mara ya pili hawaji.

Anwani ya makala iwe fupi, na irekebishe kabla ya kuchapisha: kuhifadhi-mahindi-pics inatosha. Ikishatoka usiiguse tena. Ujumbe wa WhatsApp unaweza kuhaririwa ndani ya dakika 15 tu, baada ya hapo linki iko kwenye simu za watu na huwezi kuirekebisha. Ukibadilisha anwani, wote hao watafika kwenye ukurasa usiokuwepo.

Picha ya juu iwe ya kulala, pikseli 1200 kwa 630, na kitu muhimu kikae katikati, kwa sababu mara nyingine itakatwa iwe mraba. Ipunguze uzito kwa chombo cha bure kama Squoosh. Mimi sipendi picha inayozidi KB 200, maana bando linalolipia picha hiyo ni la msomaji. Piga picha zako mwenyewe. Picha uliyoiokota kwenye matokeo ya Google ina mwenyewe, na kuandika "picha kwa hisani ya mtandao" hakukupi ruhusa. Andika jina la blogu kwa herufi ndogo pembeni ya picha, kwa sababu itanakiliwa tu, na bora inakiliwe ikiwa na jina lako.

Mstari wa maelezo unaujaza wapi? Kwenye Blogger kuna sehemu ya maelezo ya utafutaji ambayo lazima uiwashe kwanza kwenye mipangilio, kisha uijaze kwa kila makala. Kwenye WordPress uliyoiweka mwenyewe, programu-jalizi kama Yoast SEO inakupa sehemu ya maelezo hayo pamoja na picha ya kushirikisha.

Kabla hujamtumia mtu, jitumie mwenyewe. WhatsApp inaruhusu kujiandikia ujumbe. Bandika linki, tazama kisanduku kimetokaje. Ukirekebisha picha halafu Facebook ikaendelea kuonyesha ile ya zamani, tatizo ni kumbukumbu yao. Wana ukurasa wa wasanidi uitwao Sharing Debugger: bandika linki yako, waambie waisome upya.

Hatua ya 4: WhatsApp kwanza, tena kwa mkono

Kwa blogu ya Kiswahili inayolenga watu wa nyumbani, naipa WhatsApp nusu ya nguvu zote za kusambaza. Tatizo ni kwamba watu wengi huitumia vibaya: wanatupa linki tupu na neno "someni hapa".

Fikiria anayepokea. Kampuni za simu huuza vifurushi vya WhatsApp au vya mitandao ya kijamii peke yake. Mwenye kifurushi hicho anausoma ujumbe wako vizuri kabisa, ila akibonyeza linki ukurasa haufunguki. Kwa hiyo ujumbe wenyewe uwe na kitu cha kumfaa hata asipofika kwenye blogu. Kwa makala yetu ya mahindi ningeandika hivi:

"Kabla ya kufunga mahindi kwenye mfuko, hakikisha yamekauka. Chukua chupa kavu ya kioo, tia mahindi kiasi na chumvi kavu kidogo, tikisa, acha yatulie. Chumvi ikishika kwenye kuta za chupa, mahindi bado yana maji: yaanike tena. Ikidondoka chini yote, yako tayari. Namna ya kufunga mifuko miwili ya ndani bila kuacha hewa, na picha zake, iko hapa:" kisha linki.

Mtu huyu amefaidika tayari. Atautuma mbele kwa shemeji yake Songea, na linki inasafiri nao. Kumbuka kwamba WhatsApp imeweka mipaka: ujumbe unatumwa mbele kwa mazungumzo matano tu kwa mara moja, na ule uliokwisha kuzunguka sana hutumwa kwa moja moja, ukiwa na mishale miwili ambayo siku hizi watu wameanza kuishuku. Ndiyo maana jina la blogu liwe ndani ya ujumbe. Habari isiyo na mwenyewe haiaminiki, na inayoaminika bila mwenyewe ni mbaya zaidi.

Njia zenyewe ni nne. Stetasi hukaa saa 24 na huonwa na waliohifadhi namba yako nawe ukahifadhi zao, inafaa kukumbusha. Orodha ya matangazo huchukua watu 256, na humfikia yule tu aliyehifadhi namba yako, kwa hiyo mtu akiomba umuunge mwambie kwanza aihifadhi. Chaneli, zilizokuja mwaka 2023, hazina kikomo hicho na hazimwonyeshi mfuasi namba za wenzake. Kwa mtu anayeanza leo, hapo ndipo ningejenga. Kisha kuna magrupu.

Magrupu yanahitaji adabu. Muulize admini kwanza. Tuma kwenye grupu la wakulima, la ushirika, la wauza pembejeo. Usitupe linki ya dumuzi kwenye grupu la kamati ya harusi ya Shangazi, wala kwenye grupu la msiba lililosahaulika kuvunjwa. Na mtu akiuliza swali humo, mjibu humohumo kwa maneno yako. Kumrudishia linki mtu aliyeuliza ni kumfukuza.

Namba za watu usizikusanye kimyakimya kutoka kwenye magrupu ili uziunge kwenye orodha yako. Ukiacha adabu, kuna sheria: Kenya ina Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022. Omba ridhaa, na anayetaka kutoka atolewe siku hiyohiyo.

Hatua ya 5: Mitandao mingine, kila mmoja kwa vazi lake

Facebook bado ina watu, hasa kwenye makundi ya kilimo, mifugo na vifaa. Fungua ukurasa wa blogu, usitegemee akaunti yako binafsi. Andika mistari mitatu au minne, weka picha, weka linki. Wapo wanaoshauri linki iwekwe kwenye maoni ili Facebook isiifiche, mimi naiweka kwenye chapisho lenyewe, maana msomaji wangu hana muda wa kuchimba maoni arobaini ya "bei gani?" na "mko wapi?". Lakini hayo maoni yasome. Watu watatu wakiuliza kama mfuko ule hutumika tena msimu ujao, makala yako ijayo umeshaipata.

Instagram haifungui linki zilizo kwenye maelezo ya picha. Unaibandika, inabaki maandishi tu. Linki iweke kwenye wasifu, ambako sasa zinakaa mpaka tano, au kwenye stori kwa kile kibandiko cha linki. Kinachofanya kazi huko ni mfululizo wa picha: mfuko mtupu, mfuko unajazwa, hewa inakamuliwa, kamba inafungwa. Picha hizohizo, zikiwa video ya chini ya dakika moja, ndizo utakazozipeleka TikTok.

X inahesabu linki yoyote kuwa herufi 23 kati ya 280, hata iwe ndefu namna gani, kwa hiyo huna sababu ya kuifupisha. Nairobi na ughaibuni bado inafaa. Kwa blogu inayomlenga mkulima wa Njombe, ningeiacha.

Telegram fungua chaneli, hasa kama una faili la PDF la kugawa. LinkedIn nenda kama wasomaji wako ni maofisa ugani na watu wa miradi. Vinginevyo mitandao miwili ukiihudumia vizuri inashinda saba uliyoitelekeza, na ukurasa ambao chapisho la mwisho ni la mwaka juzi unamwambia mgeni kwamba blogu nayo imekufa.

Hatua ya 6: Nini kiachiwe mashine

Kila blogu ina mlisho wa RSS, yaani orodha ya makala mpya inayosomwa na programu: Blogger ongeza /feeds/posts/default mwishoni mwa anwani, WordPress ongeza /feed/. Huduma kama IFTTT husoma mlisho huo na kupeleka makala mpya Telegram au kwingineko bila wewe kugusa simu. Kwa Facebook na Instagram, Meta Business Suite inakuruhusu kupanga machapisho ya wiki nzima bila malipo. Kaa nayo Jumapili jioni, upange, ufunge.

Usiitegemee sana, kwani milango hiyo hufungwa na wenye mitandao wanapotaka. Agosti 2018 Facebook ilizuia programu za nje kuchapisha kwenye akaunti binafsi. Mwaka 2023 Twitter ilipoondoa njia ya bure kwa programu za nje, WordPress iliacha kupeleka makala huko moja kwa moja, na wapo waliochelewa sana kugundua kwamba hakuna kinachotoka. Kila mwezi fungua mitandao yako kwa simu nyingine, kama mgeni, uone kama kweli machapisho yanafika.

WhatsApp usiiachie mashine. Programu zinazouzwa kwa ahadi ya kutuma kwa maelfu kwa kubonyeza mara moja zinavunja masharti yao, na namba hufungiwa. Hiyo namba pengine ndiyo unayopokelea M-Pesa na ndiyo aliyo nayo mama yako.

Hatua ya 7: Funga milango, weka nakala

Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye barua pepe ya blogu, kwenye Facebook na kwenye WhatsApp. Barua pepe ndiyo ya kwanza, kwa sababu aliyeishika anaweza kuomba nywila mpya za vingine vyote. Anayekuomba ile namba ya tarakimu sita ya kuthibitisha akaunti "iliyokuja kwako kimakosa" ni mwizi, hata kama ujumbe umetoka kwenye simu ya rafiki yako. Huyo rafiki ameshaibiwa.

Nakala: kwenye Blogger, mipangilio ina sehemu ya kuhifadhi maudhui inayokupa faili moja. WordPress iko chini ya zana, kuhamisha nje. Faili hilo la Blogger lina maandishi na maoni, picha haziko ndani yake, kwa hiyo picha zako za asili zitunze kwenye folda nyingine, zikiwa na majina ya makala. Fanya hivi kila mwezi, na faili lisikae kwenye simu ileile unayopanda nayo daladala.

Maoni kwenye blogu yapitie kwako kabla ya kuonekana. Bila hivyo, baada ya muda utakuta makala ya mahindi imejaa matangazo ya mikopo na waganga.

Hatua ya 8: Pima, kisha punguza

Takwimu za blogu zina udanganyifu mmoja: aliyebonyeza linki kutoka WhatsApp mara nyingi huhesabiwa kama aliyekuja moja kwa moja, kana kwamba aliandika anwani kwa mkono. Ili ujue ukweli, ongeza mkia kwenye linki unayotuma huko: ?utm_source=whatsapp. Ya Facebook iwe ?utm_source=facebook. Ukurasa unafunguka vilevile, ila Google Analytics, huduma ya kuhesabu wageni unayoiunganisha na blogu, itakuonyesha kila mtandao umeleta wangapi. Andika mikia yote kwa herufi ndogo, maana "WhatsApp" na "whatsapp" vitahesabiwa kama vitu viwili.

Pima baada ya msimu mzima, wala si baada ya siku tatu. Usitazame waliopenda, tazama waliofika, na waliokaa wakasoma. Mtandao uliokula jioni zako na kuleta wasomaji wachache, uandikie chapisho la mwisho lenye linki ya chaneli yako, kisha uache.

Halafu jisajili Google Search Console, ambayo ni ya bure. Humo utaona maneno ambayo watu waliandika Google hadi wakaiona blogu yako. Utakuta watu wanatafuta "dawa ya dumuzi kwenye mahindi" ilhali wewe umeandika kuhifadhi bila dawa, na wanaona kichwa chako bila kubonyeza. Usibadilishe makala ya kwanza. Andika ya pili inayojibu swali hilo hasa: viuatilifu gani vinaruhusiwa kwa nafaka ya chakula, kibandiko kinasomwaje, mahindi yakae muda gani kabla ya kuliwa. Mwulize ofisa ugani wa kata akupitishie kabla hujachapisha, kisha uunganishe makala hizo mbili kwa linki, na urudi hatua ya tatu.